Boxer 150 au HLX 125 kwa mtu wa Uyole anayepanda Tukuyu?

Swali. Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Uyole na kituo changu cha kazi kiko Mbeya mjini. Kusubiri daladala baada ya zamu za usiku kumenichosha, kwa hiyo nimejichanga ninunue pikipiki mpya, ya kwanza maishani, ya matumizi yangu na si ya biashara. Nimebaki na mbili: Bajaj Boxer BM 150 na TVS HLX 125. Dukani nilikoulizia, Boxer imemzidi mwenzake kama laki nne. Mara mbili kwa mwezi nakwenda Tukuyu kwa wazazi, mara nyingi na mke wangu, na kurudi hatukosi mkungu wa ndizi au viazi. Mke wangu naye anataka kujifunza kuendesha. Vijana wa kijiweni wamegawanyika: wapo wanaoapa kwa HLX kwa sababu ya mafuta, wapo wanaosema mlimani hakuna kama Boxer. Nichukue ipi?

Jibu. Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza pesa ikiwa bado mfukoni, na umefanya vizuri zaidi kunitajia njia zako. Mtu akiniuliza "ipi bora" bila kusema anapita wapi na anabeba nini, sina la kumjibu.

Kwa njia zako, chukua Boxer 150. Kilichoniamulia si safari ya kazini, ni ule mlima wa kuelekea Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, ukiwa na mke wako nyuma. Ungeniambia kwamba Tukuyu mtaendelea kwenda kwa kosta na pikipiki ni ya Uyole na mjini tu, ningekuambia uchukue HLX 125, na laki nne uliyookoa ikununulie kofia mbili za maana na makoti ya mvua. Zote mbili ni mashine ngumu kutoka India, zote zimethibitika kwenye barabara zetu, na hakuna ambayo ni kosa kuinunua. Tofauti yake iko mahali padogo, ila mahali hapo wewe unapita mara mbili kila mwezi.

Njia ya kazini haina mengi. Kutoka Uyole hadi mjini ni lami tupu, uko kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, umezungukwa na malori ya tela, na ukifika Mwanjelwa unakuwa kwenye gia ya kwanza na ya pili zaidi ya kitu kingine chochote. Mwendo wako utakuwa kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa. Kwa kazi hiyo HLX 125 inatosha na kubaki. Ni nyepesi kidogo mkononi, inageuka vizuri kwenye foleni, na mafuta inayatumia kwa adabu. Boxer haiizidi kwa lolote hapo. Hao wanaoapa kwa HLX kijiweni wanasema kweli kwa kazi yao: bodaboda anazunguka mjini kutwa nzima, na jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo, kwa hiyo kila lita anayookoa ni chakula cha nyumbani kwake. Wewe hupigi kilomita hizo.

Tuhesabu ili usiogope maneno. Kazini na kurudi, pamoja na kupitia sokoni, tuseme kilomita 25 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: 650. Uyole hadi Tukuyu ni kama kilomita 60, kwa hiyo kwenda na kurudi mara mbili ni 240. Jumla inakaribia 900 kwa mwezi. HLX 125 iliyotunzwa, kwa mchanganyiko huo wa mji na milima, itakupa kama kilomita 50 kwa lita. Boxer 150 itakupa 43 hivi. Usikae ukisubiri zile 60 na 70 unazosikia dukani. Zinapatikana kwenye barabara tambarare, mtu mmoja, mwendo mmoja. Basi HLX itakula lita 18 kwa mwezi na Boxer lita 21. Bei ya petroli hubadilika kila EWURA wanapotangaza bei kikomo mwanzoni mwa mwezi, lakini tuweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Tofauti ni shilingi 9,000 kwa mwezi, yaani 108,000 kwa mwaka. Ukijumlisha na ile laki nne ya dukani, kwa miaka minne Boxer itakuwa imekugharimu kama laki nane na ushee zaidi. Sehemu ya pesa hiyo itarudi siku ya kuiuza, kwa sababu Boxer 150 hata ikiwa imetumika haikosi mteja. Hiyo ndiyo bei ya uamuzi wako. Sasa tuone unanunua nini kwa pesa hiyo.

Boxer BM 150 ina injini ya cc 144.8. Kiwandani inatajwa kutoa nguvu farasi 12 ikizunguka mara 7,500 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha gurudumu, ile inayoandikwa Nm kwenye karatasi ya dukani, ni 12.26 kwenye mizunguko 5,000. HLX 125 ina cc 124.5, farasi karibu 11 kwenye mizunguko 8,000, na Nm kati ya 10 na 11. Mtu akisoma haraka ataona farasi 12 kwa 11, atasema ni kitu kimoja. Lakini hakuna anayeendesha pikipiki kwenye mizunguko 8,000. Injini inapiga kelele, miguu inakufa ganzi, na nafsi yenyewe inakuambia punguza. Watu wengi wanaishi kwenye mizunguko 4,500 hadi 5,500. Pale kwenye 5,000, Boxer inatoa kama farasi 8.7 na HLX kama 7.5. Hapo ndipo cc 20 zinapoonekana.

Halafu kuna kitu ambacho karatasi ya dukani haikuambii kwa sababu imeandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari. Wewe huishi Tanga. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Tukuyu ukishaiacha Uyole inazidi kupanda hadi inavuka mita 2,000 kabla ya kuanza kushukia upande wa Rungwe. Hewa huku ni nyepesi, na injini za namna hii hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kule juu, kwa hiyo, zile farasi 8.7 za Boxer zinabaki 7, na 7.5 za HLX zinabaki 6.

Sasa panda mlima na hizo namba. Pikipiki, wewe, mke wako na begi mnakaribia kilo 280. Chukua kipande cha mlima kinachopanda mita 8 kwa kila mita 100. Kukipanda kwa kilomita 40 kwa saa kunataka kama farasi 5 na nusu kutoka kwenye injini. Zote mbili zinaweza: Boxer inapanda ikiwa na akiba kidogo, HLX inapanda ikiwa imebakiza nusu farasi tu. Kukipanda kwa kilomita 60 kunataka farasi 9 na nusu. Hapo HLX haifiki hata ukiikamua hadi mwisho. Boxer inafika kwa shida, ikiwa imekamuliwa yote. Sikudanganyi kwamba Boxer inaruka mlima. Ninachosema ni kwamba kwenye mlima huo, ukiwa na abiria, Boxer inakubakizia kitu mkononi na HLX haikubakizii.

Hicho kidogo kinachobaki ni cha nini? Ni cha kulipita lori. Barabara ya Tukuyu ndiyo inayokwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, na malori yenye mzigo yanapanda pale yakitambaa. Ukibanwa nyuma ya tela inayokwenda kilomita 15 au 20 kwa saa, ikikutemea moshi usoni, utataka kutoka. Kila sekunde unayokaa upande wa kulia wa barabara ni sekunde ya hatari, na pikipiki isiyo na akiba inakuweka pale muda mrefu kuliko ulivyokadiria. Nimewaona wengi wakianza kumpita mwenye lori, wakafika usawa wa tairi za kati, injini ikakata tamaa, kona nayo hiyo inakuja. Majeruhi wa ajali hizo wewe unawapokea wodini; hunihitaji mimi nikueleze zinavyoishia. Ukiwa na Boxer bado utasubiri mpaka uone mbele pameachia kabisa. Ukiwa na HLX na abiria, kwenye vipande vingine itabidi usubiri hadi kilele, na huo ni uvumilivu ambao alfajiri unao, lakini jioni mvua ikinyesha huna.

Kushuka nako kuna habari yake, na mara nyingi watu wanaolinganisha pikipiki hawaigusi kabisa. Matoleo ya kawaida ya pikipiki zote mbili yana breki za dramu mbele na nyuma, zile zenye breki shuu ndani ya habu. Ni breki nafuu, rahisi kutengeneza, na kwa mji zinatosha. Mteremko mrefu ndio unaozionea. Ukishuka na abiria huku umebana breki muda wote, dramu inapata moto, na breki iliyoshika moto inalegea: unakanyaga, pikipiki inaendelea. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kupita yote nchini, na dramu ikiingia maji ukivuka dimbwi, mikanyago ya kwanza haishiki vizuri. Kwa hiyo anayekushusha salama ni injini. Punguza gia kabla mteremko haujaanza, gia ya tatu, au ya pili kwenye kona kali, acha injini iishikilie pikipiki, na breki uzitumie kwa vipande vifupi. Hapa tena cc 145 zinaishikilia pikipiki vizuri kuliko cc 125. Na ile tabia ya vijana ya kutia fri na kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli, nakuomba usiiguse hata siku moja. Petroli wanayookoa haijazi kisoda.

Nikiwa kwenye breki niseme na hili, kwa kuwa ni pikipiki yako ya kwanza. Utaambiwa breki ya mbele ni hatari, itakurusha. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele. Inarusha mtu anayeikamata ghafla, au anayeikamata akiwa amekunja usukani kwenye mchanga. Tafuta uwanja mtupu, jizoeze kuibana kwa kuongeza taratibu huku ukikanyaga na ya nyuma, mpaka mkono wako ujue wenyewe. Kwenye lami iliyolowa fanya hivyo hivyo, ila kwa upole na mapema zaidi.

Kuhusu mzigo nitakuwa mkali kidogo. Wewe na mke wako mkiwa juu ya pikipiki, mmeshaimaliza sehemu kubwa ya uzito ambao mtengenezaji ameuruhusu. Utaukuta kwenye kitabu cha pikipiki, usome. Mkungu wa ndizi wa Tukuyu si mzigo wa kuchezea, unaweza kuvuka kilo 20, na ukifungwa kwenye keria unakaa nyuma kabisa ya ekseli, unanyanyua mbele. Usukani unakuwa mwepesi wakati unauhitaji ushike barabara. Mkungu uupandishe kosta. Nauli yake ni ndogo, na utaupokea Uyole ukiwa mzima na ndizi zikiwa nzima. Siku ukienda peke yako, beba. Siku mko wawili, begi moja la mgongoni kwa mke wako, basi. Na kabla ya safari ya watu wawili, kaza zile pete za springi kwenye shokapu za nyuma; mwambie fundi wa dukani akuonyeshe zinavyozungushwa. Boxer ina mfumo wa springi ndani ya springi na inavumilia uzito vizuri, lakini shokapu za HLX si dhaifu hata kidogo. Kwa starehe ya kiti sitakuchagulia. Kaeni wenyewe.

Na hapo naja kwa mke wako, kwa sababu ndiye hoja pekee iliyonifanya nisite. Kwa mtu anayejifunza, HLX 125 ni rahisi kidogo: nyepesi, na injini haimshtui mtu akiachia klachi vibaya. Nendeni dukani wote wawili. Akae kwenye Boxer, aone kama miguu yote inagusa chini kwa kisigino au walau kwa nusu ya wayo, aitoe kwenye stendi kubwa mwenyewe, aisukume hatua chache akiikunja kushoto na kulia. Akiweza hivyo bila kuhema, Boxer haitamshinda. Akishindwa, msijipe moyo kwamba atazoea. Rudini kwenye HLX, na Tukuyu mwende kwa kosta. Sitaki mnunue pikipiki ambayo mmoja wenu ataiogopa.

Kuna na jambo la leseni. Nchini kwetu daraja A1 ni la pikipiki zilizo chini ya cc 125, na daraja A ni la zinazozidi hapo. HLX 125, kwa cc zake 124.5, inaingia kwenye A1. Boxer 150 inataka daraja A. Mkienda kuomba, anzeni na leseni ya kujifunzia, pitieni chuo cha udereva kinachotambulika, na muombe daraja A nyote wawili. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima. Kwa pikipiki mpya ya milioni mbili au tatu na kitu, nafikiri bima kubwa kwa mwaka wa kwanza inafaa, maana pikipiki hizi zinauzika haraka, na wezi wanalijua hilo vizuri. Na kwa kuwa si ya biashara, hakikisha imesajiliwa kama ya binafsi, ije na namba za njano, na kadi iandikwe jina lako sawasawa na kitambulisho cha taifa.

Spea sitaziongelea sana kwa sababu hazitakutenga na yoyote kati ya hizi mbili. Mwanjelwa utapata za zote. Shida yenu itakuwa feki. Boxer kwa kupendwa kwake imeigwa zaidi: cheni, sproketi, pleti za klachi, breki shuu, hata plagi. Kwa vitu vinavyogusa uhai, yaani breki, cheni na beringi za magurudumu, nunua kwa wakala hata kama bei ni mara mbili. Cheni ya bei chee inarefuka ndani ya miezi michache, inaanza kuruka meno, na siku ikikatika kwenye mwendo inaweza kujisokota na kufunga gurudumu la nyuma. Kwa taa na vioo vya pembeni, nunua popote.

Siku ya kuchagua dukani, nenda jioni giza likianza. Waambie waiwashe, uwashe taa kubwa, na uiache injini ingurume taratibu bila kuongeza mafuta. Taa nyingi za pikipiki za daraja hili hufifia injini ikitulia na kung'aa ukivuta resi. Wewe unayetoka zamu usiku na kupanda kwenye ukungu wa Isyonje unatakiwa kuujua mwanga wako kabla ya kuununua, na kujua utaongeza nini. Halafu uliza toleo lenyewe: HLX zipo za gia nne na za gia tano, na Boxer nazo zina matoleo. Usinunue jina. Soma kilichoandikwa kwenye hati ya bei, kisha linganisha namba ya injini na namba ya chasisi, zilizogongwa kwenye chuma, na zile zilizo kwenye karatasi, herufi kwa herufi.

Tairi zinazokuja na pikipiki ngumu za kazi mara nyingi ni za mpira mgumu ili zidumu. Zinadumu kweli, lakini kwenye lami iliyolowa zinateleza. Na kwa kilomita chache za kwanza tairi zina utelezi wa kiwandani juu yake. Usiende Tukuyu wiki ya kwanza.

Kwa kweli usiende Tukuyu na abiria mwezi wa kwanza wote. Kilomita 1,000 za mwanzo ndizo zinazoamua kama ringi na silinda zitakaa pamoja vizuri. Endesha kwa upole, usizidishe kilomita 50 hivi kwa saa, badilisha badilisha mwendo, usiikamue mlimani kwenye gia kubwa na usiipigishe kelele kwenye gia ndogo. Nenda servisi ya kwanza kwa wakala ikifika kilomita 500 au pale kitabu kinaposema, na oili imwagwe hata kama inaonekana safi, kwa sababu ndani yake mna unga wa chuma wa injini mpya. Baada ya hapo fuata kitabu, na kiasi cha oili ukipime kama kinavyoelekeza, usikubali kukadiriwa.

Oili yenyewe iwe ya pikipiki. Klachi za pikipiki hizi zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Utaona injini inapiga kelele na pikipiki haiendi, hasa mlimani, fundi atakuambia pleti zimekwisha, utalipia pleti ambazo hazikuwa na kosa. Geuza kopo usome nyuma: tafuta maandishi JASO MA au MA2. Yasipokuwepo, rudisha.

Kabureta nayo itakusumbua kwa namna ambayo mtu wa Dar es Salaam haijui. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, lakini kabureta imepimwa kiwandani kwa hewa nzito ya chini, kwa hiyo huku inaweza kupitisha petroli nyingi kuliko hewa. Dalili zake ni harufu ya petroli kwenye moshi, plagi kuwa nyeusi tititi kama imepakwa masizi, injini kukohoa ukifungua mafuta ghafla, na matumizi kupanda. Mpe fundi anayejua aipunguze petroli kidogo kwa skrubu ya hewa, na ikibidi abadilishe jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, aweke iliyo ndogo kwa hatua moja. Atoe plagi aikague baada ya safari: rangi ya kahawia ndiyo nzuri. Ikiwa nyeupe amezidisha kupunguza, na injini itachemka; arudishe. Kazi hii inafanyika injini ikishamaliza kilomita za kuzoea, si kabla, na usiruhusu mtu aguse kabureta wakati garantii inaendelea bila wakala kujua.

Cheni ipake mafuta kila baada ya kilomita 500, na kila baada ya safari ya mvua ya Tukuyu, hata kama ilipakwa jana. Iache ilegee kidogo kama kitabu kinavyoelekeza, kisha uikague tena mke wako akiwa amekaa nyuma, maana cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu hukaza zaidi watu wawili wakipanda, na ikizidi inakula beringi za sproketi na shafti ya gia.

Usitumie pesa yote kwenye pikipiki. Kama ukishalipa Boxer huna cha kununulia kofia mbili zinazobana kichwa vizuri, zenye alama ya usalama ya ECE ndani na kioo kisichokwaruzika, basi chukua HLX na kofia. Mke wako asivae ile kofia ya kijiweni inayozunguka kichwani. Glavu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, koti la mvua lenye mistari inayoakisi mwanga: kwa baridi ya Uyole alfajiri hivi ni vifaa vya kazi, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

Kama mke wako ameijaribu Boxer dukani na imemkubali, lipieni hiyo. Servisi ya kwanza ikipita, niandikie kilomita ulizopata kwa lita na rangi ya plagi, nikuambie kama kabureta inahitaji kuguswa.